Usukani Juu ya Cherehani

Jumatatu, 9 Juni 2003

Namshukuru Mungu kwa siku mbaya. Wapo waliolala jana wasiamke hata kuiona.

Bi Mwanaharusi, mwenye nyumba wetu, kaja asubuhi upepo ukiwa bado mkali. Nikampa shikamoo mbili, ya pili kwa tahadhari. Akaitikia moja. Akasema fremu yake ya duka imegeuka kaburi: mimi nimekaa upande huu na mashine yangu ya gemu, mke wangu Generosa kakaa upande ule na cherehani yake, na mteja hayuko upande wowote. Kama hadi Jumapili hajaona watu wakiingia na kutoka, fremu anampa Mbaruku. Huyu Mbaruku ni mtoto wa dada yake, ana stationeri mlango wa pili, na inasemekana anatafuta pa kuweka mashine ya fotokopi. Nikataka kumkumbusha Bi Mwanaharusi habari za mkataba. Nashukuru nilinyamaza, maana mkataba hatuna.

Generosa aliendelea kushona. Ana sare za kwaya za kumaliza kabla ya Jumapili na hana pengine pa kushonea. Nyumbani tuna chumba kimoja, na kitanda kimekimaliza.

Nikamwambia asihofu, mumewe bado ana akili. Akasema hilo ndilo linalomtia hofu. Nashukuru ananifikiria.

Basi nikakaa, nikawaza. Mji umejaa kwa ajili ya Bunge la bajeti. Kila mheshimiwa ana shangingi, kila shangingi lina dereva, na kila dereva, akishamshusha bosi wake, hana kazi mpaka jioni ila kufuta kioo ambacho kimeshang'aa. Wanaegesha hapa hapa mtaani kwetu, Area D, kwenye kivuli cha miarobaini. Na mimi nina gemu ya mashindano ya magari! Kwa nini hawaji?

Nikaenda kuwauliza. Akanijibu Mzee Thobias, mkubwa wao, anayemwendesha waziri. Kwa upole kabisa akasema ameanza kuendesha magari ya serikali mimi nikiwa nanyonya, na hawezi uzeeni kuanza kuendesha gari kwa dole gumba. Wenzake wakacheka kwa adabu.

Dole gumba! Ndiyo sababu! Gemu yangu inachezwa kwa kidude cha kubonyeza. Dereva anataka usukani. Na usukani wa gemu upo duniani, nimewahi kuuona Dar kwa shemeji. Nimelala na furaha. Asante Mzee Thobias.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa Abdulrazaki, muuza vifaa vya umeme karibu na soko. Ana usukani wa aina tatu.

Wa kwanza halisi kabisa, na bei yake halisi kabisa. Nikausalimia kwa mbali. Wa pili mweusi, mwepesi, una pedeli zake mbili, hauna maringo yoyote. Wa tatu mwekundu, mzito, na katikati una honi. Honi! Bei ya hizi mbili za mwisho ni ile ile. Abdulrazaki akasema mweusi umekuja kwa meli ila mwekundu umekuja kwa ndege. Tofauti nikaiona mara moja.

Mbaruku naye alikuwepo dukani, eti kafuata wino. Akajisogeza, akaniita kaka Optatus, akasema nisitazame rangi, nitazame kwanza kichwa cha waya kama kinaingia kwenye mashine yangu. Nikamshukuru kwa baridi. Mtu anayeitaka fremu yako hakupi ushauri bure. Anataka nirudi nyumbani kutazama kichwa cha waya, nirudi tena sokoni, nirudi tena nyumbani, Jumapili inikute njiani!

Nimenunua mwekundu. Abdulrazaki akanipunguzia kidogo, akanipa na mfuko wa nailoni juu. Akasema mali ikitoka dukani hairudi. Mtu mwenye msimamo. Wako wachache siku hizi.

Jumatano, 11 Juni

Hauingii.

Tundu la mashine yangu ni pana na bapa. Kichwa cha waya wa usukani kina meno meno, kama kitana. Nikajaribu kwa nguvu. Nikajaribu kwa mafuta ya mgando. Nikajaribu kwa kisu. Generosa akasema niache, nisimwachie ujane kabla ya kwaya. Umeme ukakatika nikiwa nimeshika kisu ndani ya tundu. Watu wanalalamika umeme kukatika. Mimi nilipiga magoti.

Mchana nikarudi kwa Abdulrazaki. Akautazama, akasema huu ni usukani wa kompyuta. Akaniuliza kama nilimwambia nina mashine ya aina gani. Sikumwambia. Akanisikitikia sana. Akasema tatizo ni dogo, anaweza kuniuzia kompyuta.

Nashukuru kwamba duniani bado yupo mtu mmoja anayeniona wa kununua kompyuta.

Generosa amekata vitambaa vya kijani siku nzima bila kuinua kichwa. Bi Mwanaharusi kapita mara mbili barazani. Fremu tupu. Nimepiga honi kidogo, ya mdomo.

Alhamisi, 12 Juni

Leo ndiyo bajeti. Mashangingi mpaka uchochoroni.

Mbaruku kaja mwenyewe. Akasema amesikia yaliyonipata, na yeye pale stationeri ana kompyuta, basi usukani mwekundu utamfaa. Kwa hiyo amekwenda kwa Abdulrazaki, amechukua mweusi, ameuleta tubadilishane. Hataki nyongeza.

Nikashtuka. Hataki nyongeza? Nikamtazama machoni, akatabasamu tu. Nilifikiri sana kabla ya kuelewa: aliitaka honi tangu mwanzo! Nikampa usukani wangu kwa uso wa huzuni, ili asijue kwamba nimemshinda.

Mweusi ukaingia. Ukaingia kwa sauti tamu, klik. Gari likakata kona kwenye televisheni yangu! Nikasali Baba Yetu mbili nikiwa nimekanyaga mafuta.

Likabaki jambo moja. Usukani una kibanio, unataka meza ya kung'ata. Meza yetu ni ya plastiki. Nilipokata kona, meza nayo ikakata kona, na televisheni ikawa karibu kuja nayo. Nikaangaza fremu nzima. Kitu kizito humu ni kimoja tu: cherehani ya Generosa, meza ya mbao, miguu ya chuma, haitikisiki hata kwa tetemeko. Nikangoja atoke kwenda kununua uzi. Nikabana usukani ubavuni mwa cherehani, na pedeli zangu nikazipanga chini, pembeni ya kanyagio la cherehani. Nikasita kidogo. Sasa chini pana vitu vitatu vya kukanyaga. Halafu nikajicheka. Wale ni madereva wa serikali! Miguu yao imesomeshwa.

Ijumaa, 13 Juni

Mtakatifu Antoni wa Padua. Mwombezi wa vitu vilivyopotea. Namwachia fremu.

Generosa aliuona usukani alfajiri. Aliyoyasema siyaandiki, hii ni siku ya mtakatifu. Mwisho akakubali nichezeshe mchana tu, wakati yeye anapiga pindo kwa mkono, kwa sharti moja: niitoe kwanza nguo ya kwaya iliyo chini ya sindano. Nikaahidi.

Sikuitoa. Nilikuwa naandika tangazo.

Na tangazo likafanya kazi! Wakaja! Kaunda suti tupu, za kijivu, za kaki, za bluu, wakajaa fremu mpaka mlangoni. Mzee Thobias mbele. Bi Mwanaharusi akasimama barazani kwake na kijiko mkononi.

Mzee Thobias akakaa. Akarekebisha kiti. Akatafuta kioo cha nyuma. Akauliza mafuta yamejazwa na nani. Mpinzani wake akawa William, kijana, dereva wa mbunge wa kawaida, yeye akicheza kwa vitufe. Mashindano yakaanza, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo hakuna aliyelifikiria huko yanakotengenezwa magemu: William alikataa kumpita. Nikamwambia ampite, barabara nyeupe! Akasema kwa heshima zote hajawahi kulipita gari la waziri na hataanzia kwenye televisheni. Wenzake wakamuunga mkono. Basi wakaenda kwa msafara, waziri mbele, mbunge nyuma, mwendo wa kistaarabu, na magari ya mashine yakiwapita kwa fujo. Mzee Thobias akauliza hao wanaopita msafara ni akina nani. Akawapisha wote. Akataka kuwapigia honi. Honi haipo. Sikumtazama mtu.

Kisha ikaja kona kali. Mzee Thobias akatafuta breki. Kati ya pedeli zangu ndogo za plastiki na lile kanyagio pana la chuma, mguu wenye uzoefu ukachagua chuma.

Trrrrrrrr!

Mkono wa koti lake, mpana, wa mtindo wa zamani, ulikuwa umeingia chini ya sindano alipokuwa akikata kona. Cherehani ikaanza kushona. Na dereva mzuri gari likimkataa haachi breki, anaongeza. Akaongeza. Ikashona mpaka karibu na kiwiko.

Mzee Thobias akasimama, na gauni la kwaya la kijani likasimama naye, likining'inia mkononi mwake. Baada ya saa moja alitakiwa kumfungulia waziri mlango. Hakunigombeza. Alilitazama tu lile gauni, kisha akatazama saa yake. Hapo nikaogopa kweli. Koti lile ndilo kazi yake. Na fremu ile ndiyo kazi ya mke wangu. Nilitaka ardhi inimeze, pamoja na tangazo.

Generosa ndiye aliyeinuka. Akasema, "Shikamoo mzee wangu. Kaa. Usivute." Akachukua wembe, akafumua uzi mmoja mmoja, polepole, anampoza kwa maneno kama anamtoa mtoto mwiba. Hakuna aliyeondoka. Akamvua koti, akalipiga pasi ya mkaa. Kwa kuwa koti lilikuwa mkononi, akaona bitana imechanika, akaishona. Kifungo kimelegea, akakikaza.

Mzee Thobias akavaa. Akaunyoosha mkono, akaugeuza, akautafuta mshono asiuone. Akasema bitana ile ilichanika bajeti ya mwaka juzi, na mafundi watatu walimwambia anunue koti jingine. Wale wengine wakaanza kujitazama. Huyu anachungulia kwapa, yule anashika pindo la suruali.

Asante Mtakatifu Antoni. Na samahani kwa nguo ya kwaya.

Jumamosi, 14 Juni

Foleni!

Madereva wamekuja na suti za kupunguza, suti za kuongeza, na suti moja ya mheshimiwa ambayo tumeapishwa tusiitaje. Generosa hakupata nafasi hata ya kunywa chai. Usukani aliukata kibanio asubuhi kwa mkono wake mwenyewe. William ameutundika ukutani, ananing'inizia hanga za suti. Nashukuru umepata heshima ya ukutani.

Mbaruku kaleta mabenchi kutoka stationeri wateja wakae. Kapeleleza weee! Halafu nikamsikia kwa masikio yangu akimwambia mama yake mdogo kwamba fremu haitaki, mashine ya fotokopi inamtosha kule kule kwake, na kwamba hakuwahi kuiomba. Amekimbia! Nilijua tu hana ubavu.

Jioni Bi Mwanaharusi kaingia. Akawapita watu upande upande, mpaka kwenye cherehani. Akamwambia Generosa fremu ni yake, mwaka huu na mwaka ujao, na kwamba ana baibui la kupunguza. Mimi nikampa shikamoo. Akaniitikia mbili, pamoja na ile ya Jumatatu.

Baadaye Generosa akamaliza sare ya mwisho ya kwaya. Ile iliyotobolewa kaiwekea mfuko, na sasa waimbaji wote wanautaka mfuko. Nilikuwa nimeshika taa. Alikuwa na pini mdomoni na macho mekundu, na nikaona wazi kwamba mwanamke huyu ametuokoa sote wawili. Nampenda sana. Nilikaribia kumpotezea fremu, nikamchafulia kazi, na bado kaniwekea ugali na mlenda. Nikataka kumwambia haya yote. Nikamwambia: unaona sasa, usukani ulivyotusaidia?

Akatoa pini mdomoni, moja moja. Akasema ndiyo, mume wangu, nenda kalale.

Jumapili, 15 Juni

Kwaya imependeza mno. Nimelia kidogo kwenye wimbo wa Utukufu.

Baada ya misa nikakaa nikatafakari wiki yote, maana mtu asiyejifunza hana tofauti na gogo. Nikajiuliza: madereva walivutwa na nini? Usukani. Usukani mmoja umeleta foleni mpaka mlangoni. Je, sukani mbili? Hesabu iko wazi hata kwa mtoto.

Nikakimbia kwa Abdulrazaki. Ana mbili mpya, na gia zake pembeni! Gia! Dereva gani atapita hapa bila kuigusa? Na safari hii sikufanya haraka. Nilibeba mashine yangu mwenyewe mpaka dukani, nikajaribu wa kwanza, klik, nikajaribu wa pili, klik. Bei ikawa ngumu. Lakini Abdulrazaki, Mungu ampe maisha marefu, ni mtu wa kuelewana naye. Amekubali kubadilishana. Yeye kanipa sukani zote mbili na mfuko wa nailoni mkubwa. Mimi nimempa lile sanduku la gemu, ambalo miaka yote limekaa tu chini ya televisheni na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kulishika.

Nimefika nyumbani nimezipanga kitandani, nikamwita Generosa azione. Akazitazama. Akanitazama. Akaniuliza zitachezewa wapi.

Nikamwambia asiwe na haraka, Mungu aliyetupa usukani hashindwi kutupa mashine.

Amecheka mpaka amekaa chini sakafuni, kajishika mbavu, anafuta machozi kwa kanga. Nashukuru. Wanaume wengi mjini hapa hawajajaliwa mke mwenye furaha.