Ombi la Valerie, Nakala Safi

Jumatano, 8 Februari

Siku ya tatu Doha. Valerie amechukua kitanda cha chini. Tena! Ati mimi ndiye kijana, nipande juu. Nikapanda. Nimelala huku juu na hasira zangu, hata dari inaniogopa.

Valerie anafua nguo pamoja na Shangazi Roselyne katika hoteli moja West Bay, na wanaishi chumba kimoja hapa Al Mansoura. Wote wawili wanautaka usupavaiza. Shangazi ndiye aliyeninunulia tiketi. Jumapili asubuhi naruka hadi Amman, kisha basi hadi Yerusalemu. Mimi! Kwetu Nyandarua Wayahudi hatujazi hata darasa moja, na hakuna msichana wetu aliyewahi kuugusa Ukuta wa Maombolezo.

Sasa Valerie amewatangazia Wakenya wote kwamba nabeba maombi ya karatasi ya kuchomeka kwenye nyufa za Ukuta. Hakuniuliza! Mwaura, dereva, ametoka Umm Salal na daftari zima. Kwenye jalada ameandika namba yake ya simu, Mungu akihitaji maelezo zaidi. Akaniuliza, kwani nyinyi Wasabato mnaendaga Yerusalemu? Mimi si Msabato! Nikatabasamu tu.

Alhamisi, 9 Februari

Nimepata mpango. Kila ombi nitalinakili kwenye kipande kidogo, maana nyufa za Ukuta si kabati. Kazi safi, ya uaminifu.

Nikafika kwenye karatasi ya Valerie. Ameandika: Mungu, mpe Valerie usupavaiza. Roselyne mwondolee tamaa hiyo.

Shangazi yangu! Anayempikia ugali kila siku!

Nikanakili neno kwa neno, kwa mwandiko wake kabisa, zile herufi zake za kujivuna. Majina tu ndiyo niliyoyapindua. Karatasi yake nikaichana vipande vipande. Huo si uongo. Ni kuhariri.

Ijumaa, 10 Februari

Jua linakaribia kuzama, naandika haraka. Mishumaa iko mezani. Sabato ikiingia, mpaka nyota tatu zionekane kesho, siandiki, sichani, siwashi kitu. Maombi yote yamo kwenye bahasha. Hakuna kitakachoharibika.

Jumapili, 12 Februari, uwanja wa ndege

Kiliharibika.

Jana mchana Valerie akaamua kumwongeza mamake kwenye ombi. Akafungua bahasha. Akapiga kelele kwamba Roselyne amemwibia baraka! Shangazi akasoma, akanitazama mimi. Nikakiri. Akamuuliza Valerie alikuwa ameandika nini hasa. Valerie, bila aibu, ati aliwaombea afya njema watu wote wa chumba hiki! Na ushahidi niliuchana mwenyewe.

Shangazi akasema niandike upya, sasa hivi. Nikasema kwa sauti ndogo siwezi, ni Sabato. Valerie akacheka: kumbe kuchakachua maombi ni sawa, ila kalamu ndiyo dhambi? Shangazi akaitia paspoti yangu ndani ya blauzi. Haitoki hapo mpaka ombi liandikwe, akasema, na ndege ikikuacha usinililie.

Nikapanda kwenye paa kungoja nyota. Vumbi. Taa za maghorofa. Mwaura akaja kunisaidia kuhesabu, akaona tatu papo hapo, zote zikielekea kutua uwanja wa ndege. Ya kweli ya tatu ilijitokeza nikiwa nimeshika shingo. Nikashuka mbio, nikaandika kwa zilezile herufi za kujivuna, Valerie akinisomea imla kama mwalimu wa darasa la pili. Afya njema, alidai, nipigie mstari. Nikapiga. Paspoti ilirudi ikiwa na joto.

Jumanne, 14 Februari, Yerusalemu

Nimeugusa! Upande wa wanawake. Jiwe baridi, laini kama la kusagia la nyanya yangu. Machozi yakaja. Kisha nikamkumbuka Valerie, yakakauka. Ombi la Mwaura nikaliweka juu, nilikofika nikisimama kwa vidole vya miguu. La Valerie nikalichomeka chini kabisa, kwenye visigino vya watu.

Jioni Shangazi akapiga simu. Valerie amepewa usupavaiza!

Shangazi hata hana hasira. Zote ameniachia mimi. Akauliza mimi mwenyewe niliomba nini. Nilishughulika sana na visigino, nikasahau kuomba.

Shangazi mwenyewe hakunipa karatasi, ati Mungu anajua anapoishi. Basi kesho narudi Ukutani na ombi la Shangazi, nimwandikie mimi. Nimeshanunua kalamu. Nitaliandika kwa mwandiko wa Valerie. Inaonekana huo ndio unaosomwa.