Kompyuta Yenye Masikio

Siku Ngumbao alipokwenda kwa Dama kutengenezewa simu, hakuwa na nia mbaya na mtu. Nia mbaya ilimkuta pale pale mlangoni.

Ndani, jirani mmoja mtu mzima, Bi Mwanasaumu, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta ya kizamani, mwili mnene uliogeuka rangi ya meno ya mvutaji, kioo cha herufi za kijani. Alibonyeza kwa kidole kimoja na kufuta machozi kwa kingine. Kila alipoandika neno kuhusu mwanawe asiyepiga simu, kompyuta ilimwuliza: "Kwa nini wasema hivyo?" Naye akaeleza zaidi.

"Hiyo yajua mambo?" Ngumbao alinong'ona.

"Haijui lolote," Dama alijibu bila kuinua macho. "Ni programu tu, nimeiandika mwenyewe. Humrudishia mtu maneno yake yakiwa swali."

Wenzake Dama hapo Kisauni walikusanya viatu; yeye alikusanya kompyuta zilizokufa. Hii aliikomboa kwa wauza vyuma chakavu wa Changamwe, akaifufua kwa miezi ya subira na matusi ya chini chini. Juu ya kabati alikuwa na seva yake, laptopu iliyovunjika kioo, iliyowagawia majirani filamu, mawaidha na mitihani ya zamani bila wao kununua bando. Ila kila jioni mwenye nyumba alimkatia stima, kwa hoja kwamba mitambo yake yala umeme kuliko hoteli za Bamburi. Dama hakutamani kitu duniani kama betri kubwa.

"Betri utapata," Ngumbao alisema. Ngumbao huapa wallahi kwa Waislamu na haki ya Mungu kwa Wakristo; siku hiyo aliapa vyote viwili. "Niazime mashine, nawe uwe nyuma yake. Watu wataleta shida zao, wewe utawapa ushauri mwema. Hiyo si kazi ya dini?"

Akapanga chumba Bamburi, akakigawa kwa ubao wa plaiwudi. Huku aliweka kompyuta juu ya kitambaa cha zambarau. Kule, gizani, alimweka Dama na kibodi mapajani, waya ukipenya tundu la ubao. Mteja alisema, Dama akasikia, akaandika, na herufi za kijani zikajitokeza moja moja kama roho zinazoitwa majina.

"Imeshuka melini pale Kipevu," Ngumbao alimwambia mteja wa kwanza kwa sauti ya msibani. "Serikali tatu ziliigombea. Haina intaneti, basi siri haina pa kutokea. Nayo ina masikio. Sema tu."

Mteja alikohoa, na Dama akakitambua kikohozi kile. Alikuwa Mzee Griffin, mwenye nyumba wake mwenyewe, bwana wa Griffin Plaza, ambayo ni vyumba vinane na choo kimoja.

"Kwanza," alisema Griffin, asiyemwamini mtu, "huyu kijana ni mwaminifu?"

Dama alifikiri kidogo. NI MWAMINIFU KAMA MIMI, aliandika, na hapo hakudanganya.

"Wapangaji wangu, ni yupi anayenisema vibaya?"

WOTE.

Griffin alishusha pumzi ndefu ya mtu aliyekutana na elimu ya kweli. "Mashine hii haina mchezo," alisema.

Akarudi kesho yake. Akarudi tena. Mara ya nne hakuja kuuliza, alikuja kununua.

"Probox yangu iko nje," alisema, akiweka ufunguo na karatasi za gari juu ya kitambaa. "Nipe mashine."

Nyuma ya ubao, Dama alisubiri Ngumbao akatae. Alimsikia akihema kwa huzuni, akitaja mapenzi yake kwa mashine, akitaja marehemu nyanya yake, kisha akisema: "Basi, kwa kuwa ni wewe, mzee wangu."

Kompyuta yake! Dama aliinuka nusu. Angetoka apige kelele, lakini angetokea mbele ya Griffin akiwa na kibodi mkononi.

"Ngoja," Griffin alisema. "Niiulize yenyewe. Ewe mashine, nikununue kwa huyu?"

Ngumbao alitabasamu, akagonga ubao kwa kisigino, maana yake ndiyo.

HUYU SI MWENYEWE.

Tabasamu lilibaki usoni mwa Ngumbao, lakini halikuwa na kazi tena.

"Mwenyewe ni nani?"

DAMA. PLAZA YAKO. MLANGO WA TATU.

"Yule ninayemkatia stima?"

NDIYE. USIMKATIE TENA. NIRUDISHE KWAKE LEO. MIMI SIUZWI.

"Imeharibika!" Ngumbao aliruka. "Joto hili, mzee, hata mitambo..."

"Siku ile ilipokusifu uaminifu, ilikuwa imeharibika?"

Ngumbao aliutazama ubao. Maneno matatu tu yangemmaliza msichana aliye nyuma yake, lakini maneno hayo hayo yangemmaliza yeye kwanza, na mikono ya Mzee Griffin ilikuwa mikubwa. Mara ya kwanza maishani ukweli ulimfaa, na hakuwa na njia ya kuutumia.

Griffin aliinua mashine. Waya ukakazika. "Na huu waendea wapi?"

Nyuma ya ubao, Dama aliikumbatia kibodi isivutwe.

"Wa... wa radi, mzee," Ngumbao alisema, jasho likimtiririka. "Huu huikinga na radi." Akauchomoa kwa mkono wake mwenyewe, kwa upole.

Probox iliondoka na mashine kiti cha mbele na Ngumbao nyuma na mizigo. Dama alitokea mlango wa uani, akadaka bodaboda, akamsihi dereva asiogope matuta. Gari lilipofika Plaza, alikuwa amesimama mlango wa tatu, akihema, kitenge kimevaliwa kinyume.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Griffin aliibeba kompyuta mwenyewe hadi mezani, akaipangusa kwa shati lake. "Jioni hii stima haizimwi. Wala kesho. Kama kuna neno baya nililokutamkia, uiambie nimetubu." Akatoka kinyumenyume, kama anayeaga mfalme, akaondoka na Probox yake.

Ngumbao alibaki kizingitini, bila gari, bila mashine, na kodi ya chumba cha Bamburi shingoni.

"Dama," alisema hatimaye, kwa sauti ya fundi mbele ya fundi mkubwa zaidi, "lau ningesema kweli pale, ungefanyaje?"

Dama alikuwa amepanda kiti, akiiwasha seva juu ya kabati. Vyumba vya jirani vikaanza kushangilia, filamu imerudi.

"Kweli?" aligeuka, akamtazama kwa mshangao usio na hila. "Wewe? Wallahi, hilo halikunipitia kichwani."