Shangazi Hatoki Nje

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Leo nimempeleka Shangazi kwa daktari wa wanyama. Shangazi ni paka. Marehemu mke wangu ndiye aliyempa jina hilo, maana alikuja bila kualikwa, akakagua masufuria yote, kisha akakalia kiti kizuri kuliko vyote. Kiti bado kipo. Shangazi ndiye amechakaa.

Nilimbeba ndani ya sanduku langu la vifaa. Nilitoa misumeno kwanza, mimi si mjinga. Misumari midogo niliisahau. Alifika amenuna kama mama mkwe aliyepokewa kwa sufuria tupu.

Daktari ni binti mdogo. Alisema macho ya Shangazi yamefifia, viungo vinamuuma, figo zimechoka. Asitoke nje tena kabisa. Nje kuna malori na mbwa, naye hawaoni mpaka wamemfikia. Awekewe maji kila chumba, na beseni la mchanga lenye ukingo mfupi. Halafu eti nimtengenezee kipandio, afikie dirisha lake la jua bila kuruka. Kipandio! Nilicheka. Paka ni paka, ataruka. Nikamweleza kuwa mimi ni fundi wa mabanda. Nimefungia mbuzi, kuku na bata wa mji mzima, na hakuna mnyama aliyewahi kunitoka. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nadhani aliandika jina langu.

Jioni akaja binti yangu, muuguzi. Akasema Baba, akitoka hata mara moja, Jumapili namchukua akaishi kwangu ghorofani. Nikamwambia kufungia wanyama ndiyo kazi iliyomlisha yeye. Akasema haya, tutaona. Alilisema kama mama yake alivyokuwa akilisema.

Marehemu aliniomba mambo mawili: nisisahau kuzima jiko, na nisimwache Shangazi. Jiko nimelisahau mara nyingi. Shangazi simwachi.

Naandika kwa penseli ya useremala. Daftari nalitia ndani ya shati. Binti yangu ana macho marefu.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Ametoka!

Nilienda kuosha kikombe tu. Mlango wa uani haufungi sawasawa tangu mbao zivimbe. (Mbao mbaya. Fundi ni mimi.) Nimemkuta kwa jirani, amelala barazani juu ya kigoda kifupi, tumbo limeelekea jua. Aibu iliyoje!

Jirani huyu tunamwita Mkasi. Alikuwa fundi cherehani, na mpaka leo hukata watu kwa ulimi. Nilimshtaki papo hapo kwamba anamhonga paka wangu samaki. Akasema hajampa hata mwiba, paka kafuata jua lake. Akasema kama nataka, atashona wavu wa dirisha langu la mbele, nilifungue, jua liingie na paka abaki ndani. Nikamwambia nguo alizoshona zilikuwa zinawavuka watu barabarani, leo atamzuia paka? Akajibu kwamba viti vyangu vyote husimama kwa miguu mitatu, wa nne umekuja kutazama tu.

Hapo nikakasirika. Nikamwambia afunge geti la baraza lake, asimpokee tena Shangazi. Akasema sawa mzee mwenzangu, kama ndivyo unavyotaka.

Ndivyo ninavyotaka!

Binti yangu sijamwambia. Tena si kutoka kule. Ni kuvuka uzio.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Leo ni leo. Nimetengeneza mlango wa pili, ndani ya ule wa uani. Paka akiponyoka wa kwanza, anakutana na wa pili. Sijasikia mtu mwingine aliyewahi kufikiria jambo kama hili.

Nilipima kwa shibiri, kama siku zote. Futi ni ya watu wasioamini mikono yao. Kwa tahadhari, mlango wa mbele niliupigilia misumari kabisa tangu asubuhi. Madirisha yana nondo. Nikaweka bawaba, nikaweka komeo zito la chuma, lile linaloanguka lenyewe. Nikaingia ndani. Nikaubamiza kuujaribu.

Komeo likaanguka. Sauti tamu!

Halafu nikatafuta pa kulifungulia. Hapakuwa na pa kulifungulia. Komeo liko nje. Maisha yangu yote nimeweka komeo nje, maana mbuzi yuko ndani na mwenye mbuzi yuko nje. Mkono umefanya unavyojua. Silaumu mkono.

Shangazi akanitazama. Akautazama mlango. Chini yake palikuwa na uwazi, shibiri ya leo ilikuwa fupi kidogo. Akajikunja, akapita polepole, mguu mmoja mmoja, akakaa huko nje akijilamba.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Akaja Mkasi. Hakufungua. Alisimama kwanza akilisifu banda, akauliza kama mbuzi huyu mzee anauzwa. Kisha akasema atafungua nikikiri kwamba ushono wake umenyooka. Nikakataa. Akaanza kuondoka. Basi nikasema umenyooka. Lakini nilifumba macho, kwa hiyo haihesabiki.

Akafungua, akanipa Shangazi mkononi. Akasema yeye geti lake amelifunga kama nilivyoagiza, ila alimwona paka amesimama pale akilikuna. Nikamwambia atazoea.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Uwazi wa chini nimeuziba kwa ubao. Nikaleta makasha matatu ya mbao kutoka stoo, kubwa, la kati na dogo, nikayapanga chumba cha mbele chini ya dirisha, nipate nafasi ya kufanyia kazi. Shangazi alikaa akilitazama dirisha lile. Zamani alilirukia kwa mruko mmoja. Leo alitikisa matako kama anayetaka kuruka, akaghairi, akajifanya anajikuna. Uvivu.

Nikapanda kiti kupigilia ubao wa juu. Mguu wa nne wa kiti haukushiriki.

Binti yangu amenikuta sakafuni. Alikuwa amegonga mlango wa mbele mpaka akachoka, akazunguka uani. Alinipapasa goti, kiuno, kichwa. Akasema Baba, mwili wako si ule wa zamani, usipande tena kiti, wala ngazi, wala paa. Akasema nakupenda ndiyo maana nakukataza. Nikamuuliza kwa upole anasema na mimi au na paka. Hakucheka. Akaniapisha. Nikaapa.

Halafu akachukua nyundo yangu mwenyewe, akang'oa misumari yote ya mlango wa mbele, eti moto ukitokea nitatokea wapi. Ameuacha umelegea, haushiki tena. Akauliza kama paka ametoka wiki hii. Nikasema huyo hapo, kwani humwoni?

Namwonea huruma Shangazi. Hataki kukubali kwamba amezeeka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu hapa ni mimi.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Hayupo.

Mvua ilianza asubuhi. Upepo ukausukuma mlango wa mbele, ule uliolegezwa, nami nilikuwa uani naupaka mlango wangu wa pili rangi. Niliporudi, sakafu ilikuwa imelowa na kiti chake kitupu.

Nilikwenda kwanza kwa Mkasi. Baraza tupu, geti limefungwa. Kwenye udongo mbele ya geti nikaona nyayo za Shangazi. Alifika, akakuta pamefungwa, akasogea mbele. Mbele ni barabara kubwa.

Sikuvaa koti. Nilipita nikiita. Malori yanarusha maji kama hayana mama. Mwanamke wa duka la chumvi na sabuni akasema hajaona paka. Mwenye gereji akasema hajaona. Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu anaita Shangazi, Shangazi, njoo mama. Mkasi, na mwavuli, na suruali yake iliyopigwa pasi. Sikumwomba. Hakusema neno juu ya geti. Afadhali angesema.

Yeye ndiye aliyesikia. Sauti nyembamba, chini ya daraja dogo la mtaro, pale malori yanapogeukia. Maji yalikuwa yanapanda. Mkasi akalala kifudifudi kwenye tope, na suruali ile, akachungulia. Akasema yuko huko ndani kabisa, anaangalia upande usiotuhusu, hatuoni.

Nikataka kuita. Sauti haikutoka. Nadhani ililowa.

Nyundo ilikuwa kiunoni, haitoki humo hata nikilala. Nikaichomoa, nikagonga jiwe la daraja. Ko, ko, ko. Kama ninavyogonga kila siku nikiwa kazini, naye amelala kwenye maranda. Miaka yake yote amelala kwa mlio huo. Ko, ko, ko. Mkasi akaniambia endelea, anageuka. Nikaendelea. Akatoka amejaa tope, akitembea kuifuata sauti, mpaka pua yake ikagusa kipini cha nyundo.

Nilimtia ndani ya shati, pamoja na daftari hili. Ndiyo maana ukurasa huu una madoa.

Sikulia. Ilikuwa mvua. Mkasi naye alisema ni mvua, ingawa yeye alikuwa chini ya mwavuli.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Jua limetoka. Shangazi anakula. Amekula chake, akaja kukagua changu.

Kisha akaenda chumba cha mbele. Akapanda kasha dogo. Akapumzika. Akapanda la kati. Akapumzika, akatazama huku na huko kama mgeni rasmi. Akapanda kubwa. Na kutoka pale akaingia dirishani kwa hatua moja, bila kuruka, akajinyoosha kwenye jua, akafumba macho.

Kama nilivyopanga.

Mkasi alikuja na wavu. Ameushona tangu jana kwa uzi wa magunia, mara mbili kila ukingo. Nilitengeneza fremu kwa shibiri, ikawa fupi. Akatoa futi mfukoni. Fremu ya pili ikaingia sawasawa. Sababu ni mbao. Mbao za leo zilikuwa nzuri zaidi.

Tukafungua dirisha. Upepo ukaingia, jua likaingia, Shangazi akanusa dunia yote kupitia wavu. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Mlango wa pili ulikuwa wazi. Hakuiangalia. Tukakaa tukimtazama mpaka chai ikapoa.

Mkasi amefungua tena geti la baraza lake. Akasema labda mimi nitahitaji kigoda. Mtu huyu hana adabu. Kesho nitaenda.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Binti yangu amekuja na kikapu kikubwa chenye kifuniko. Alimshika Shangazi, akamkuta na tope nyuma ya sikio. Akauliza Baba, hili limetoka wapi. Nikasema alitoka kidogo. Akauliza mara ngapi. Nikamwuliza kama atakunywa chai.

Akaweka kikapu sakafuni, akakifungua. Mkasi pia alikuwepo, alikuja kukagua ushono. Shangazi akashuka: kasha kubwa, la kati, dogo. Akanusa kikapu. Akakizunguka. Akaenda kwenye beseni lake la mchanga, akamaliza shughuli, akafukia vizuri, akarudi: dogo, la kati, kubwa, dirishani. Akatupa mgongo.

Binti yangu alicheka mpaka akaketi. Aliketi kwenye kiti changu na hakikuanguka, naomba hilo likumbukwe. Akasema basi, abaki, mradi dirisha liwe hivi na milango ifungwe. Akauliza nani alifikiria makasha yale. Nikasema nani mwingine? Mkasi akakohoa mpaka miwani ikamdondoka.

Akaondoka ameshanikumbusha kiapo changu. Kiti, ngazi, paa. Nikamwambia mwanangu, mimi si paka.

Jumapili hiyohiyo, alasiri

Naandika hii juu ya paa.

Ni hivi. Baada ya chakula niliona bati moja limelegea juu ya dirisha, linamwibia Shangazi jua la alasiri. Kazi ndogo. Ngazi niliitengeneza mwenyewe. Ilikuwa fupi kidogo, nikamalizia kwa kujirusha. Mimi nimefika, ngazi imeanguka.

Bati nimelinyoosha. Nimelala kifudifudi ukingoni, namwona Shangazi kwa chini, pua yake iko kwenye wavu, jua limemfunika mpaka mkia. Ananitazama. Nimemwambia atulie hapohapo ndani, huku juu si mahali pa wazee.

Mkasi yuko chini. Ameleta kigoda, ameketi. Anasema atainua ngazi nikisema neno letu lile. Nimemwambia nitakaa hapa mpaka mbwa waote pembe.

Namwona binti yangu anakata kona. Anarudi. Amesahau kikapu!

Basi nimesema. Umenyooka. Nimesema haraka, na nimefumba macho, haihesabiki. Mkasi anainua ngazi taratibu, anapiga mluzi, hana haraka hata kidogo.

Kesho natengeneza ngazi nyingine, ndefu zaidi. Nimeshaipima tayari, hapahapa, kwa shibiri.