Masikio ya Serikali Yaenda Likizo

Mwezi wa Agosti mwaka wa tisini na nne taifa lilipata bahati kubwa, ingawa taifa lenyewe halikuarifiwa. Bwana Joram Khaemba, Mkurugenzi wa Bodi ya Ustawi wa Fukwe za Ziwa, aliwakusanya maofisa wake katika ukumbi wa Bodi mjini Kisumu akawatangazia kwamba masikio ya Serikali yamechoka.

"Utafiti umedhihirisha," alisema, na utafiti huo aliufanya mwenyewe akiwa ameketi, "kwamba ofisa anayepigiwa simu ovyo hupungukiwa na uzalendo. Kwa hivyo nazindua Mpango Maalumu wa Utulivu. Maofisa wote waandamizi wataenda likizo Luanda Kotieno bila simu, bila redio, bila kalkuleta, na bila zile saa za mkononi zinazoonyesha tarakimu badala ya mishale. Makofi."

Makofi yakapigwa.

Wenye fitina walinong'ona kwamba Mpango ulizaliwa wiki ile ile ambayo mtu asiyejulikana aliipigia wizara simu, akaeleza kuwa injini za mashua walizotengewa wavuvi zinapampu maji katika shamba la Mkurugenzi kule Mamboleo. Hiyo ilikuwa sadfa tu. Ni kweli kwamba sukuma wiki ya Mkurugenzi ilikuwa imenawiri kupita kiasi, lakini hakuna sheria inayoikataza sukuma wiki kunawiri.

Gunia la kutilia vyombo likapitishwa. Mhasibu wa Bodi, Dalmas Ogola, mtu mpole aliyezoea kuomba radhi hata akikanyagwa yeye, alisimama mbele ya gunia akiwa ameishika saa yake.

"Bwana Mkurugenzi, mke wangu Milka yuko karibu kujifungua. Niliomba nibaki Kisumu karibu na simu."

"Ogola, mama yako alikuzaa kwa simu?"

"La, Bwana."

"Na ukatoka mzima. Tia saa kwenye gunia."

Ogola akatia.

Naibu wa Mkurugenzi, Bi. Elsie Nakhungu, hakualikwa. Mkurugenzi alimweleza kwa huruma kwamba mapumziko ni kazi nzito, hayamfai mwanamke, na kwamba lazima abaki mtu ofisini wa kuiangalia simu ikilia.

"Usiijibu sana," alimwagiza. "Jibu kiasi."

Huko Luanda Kotieno, nyumba ya wageni ya Bodi ilisimama hatua chache kutoka gati la feri ya Mbita. Maofisa walipangwa kwenye viti vya kamba kwa kufuata vyeo, wakapumzika kwa zamu. Mkurugenzi alipumzika zamu zote. Mkono wake ulikuwa ukitoka wenyewe kupapasa meza, ukitafuta simu, na asubuhi moja aliinua kikombe cha uji hadi sikioni akasema, "Halo, Khaemba hapa." Aliwaeleza maofisa kwamba hiyo ni dalili ya uponyaji. Wakaiandika.

Ogola hakuponyeka. Alikuwa akishuka ufuoni kila lori la samaki lilipofika kutoka Kisumu, akauliza habari za Milka, akarudi bila jibu na kukaa kitini kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Aliyeuhujumu Mpango waziwazi alikuwa Perez Awuor, mfanyabiashara wa samaki, ambaye mezani pake palikuwa na redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Mkurugenzi alimwendea mwenyewe.

"Mama, hapa ni eneo la utulivu wa kiserikali. Zima chombo hicho."

"Baba, hii redio iko hapa hata kabla ya nyinyi kuja. Nikizima, hawa watu watakuja kununua samaki kwa nani? Kwako?"

Baada ya mashauriano marefu, wananchi walipata nafuu: Perez aliamriwa kuhamishia meza upande wa pili wa gati. Wateja wakahamia naye.

Ijumaa, saa saba mchana, taarifa ya habari ikiendelea, kelele kubwa ililipuka huko ng'ambo ya gati. Watu walirusha kofia. Mama mmoja alipiga vigelegele hadi akakaa chini.

"Wananchi wanafurahia nini?" Mkurugenzi aliuliza.

Maofisa wawili wakaenda kuchunguza. Hawakurudi. Wakatumwa wengine wawili, nao wakaonekana baadaye wakipanda feri ya Mbita na mabegi yao, ingawa hakuna hata mmoja aliyekuwa na jamaa Mbita. Mkurugenzi akafahamu kwamba wananchi wanaushangilia Mpango. Alisimama akawapungia mkono. Nao wakampungia, wengine kwa mikono miwili.

Mchana huo utulivu ulizidi matarajio. Masinde, dereva wake, aliondoka na gari bila kuaga. Mpishi alileta chai ya rangi badala ya ya maziwa, kisha akaketi kwenye kiti cha ofisa aliyetoroka, akaanza kunywa yake. Mkurugenzi aliona kwamba mapumziko yamewafikia hata watumishi wa daraja la chini, akaridhika.

Jioni ilipokaribia, Perez alikuja akifuta mikono kwa kanga. Alimpita Mkurugenzi akamwendea Ogola.

"Baba Nyathi! Baba mtoto! Dereva wa lori amefika na habari yako. Milka amezaa jana. Msichana. Wote wako sawa, lakini Milka anauliza kama baba ya mtoto alizama."

Ogola aliketi palepale mchangani. "Msichana?" aliuliza, machozi yakimtoka wazi. "Yuko sawa kweli?"

"Analia mpaka wodi inamjua. Lori inarudi Kisumu nikimaliza kupakia, utapanda mbele." Kisha Perez akamgeukia Mkurugenzi. "Na wewe pole, Baba. Nimesikia umefutwa kazi."

Mkurugenzi alitabasamu. "Nani amesema?"

"Redio."

"Redio haiwezi kusema hivyo. Nimeipiga marufuku."

"Wamesema saa saba. Mkurugenzi wa Bodi, Joram Kayemba."

Damu ilimrudia Bwana Khaemba usoni. "Kayemba! Kayemba si mimi, huyo ni Mganda. Na alifanya nini?"

"Aliiba injini ya wavuvi."

"Mshenzi!" alinguruma, kwa uchungu wa kweli. "Anakula jasho la mvuvi maskini! Mtu kama huyo hafai kufutwa tu. Afungwe, na shamba lake litaifishwe."

"Sasa hata mimi sijataja shamba," Perez alisema.

Saa moja ilipokaribia, mtu aliyepiga marufuku redio alikuwa wa kwanza mezani, amewapita wavuvi kwa viwiko. Alitaka kuwasikia wakimfuta Kayemba kwa mara ya pili.

"Pandisha sauti, Mama," aliomba.

Lakini saa hiyo ilikuwa zamu ya taarifa kwa Kijaluo, lugha ambayo Mkurugenzi, baada ya miaka mingi ya kuwastawisha Wajaluo, hakuwahi kujifunza. Akamshika Ogola mkono. "Nitafsirie, ndugu yangu."

Ogola alitafsiri kwa upole wake uleule. "Wanasema injini zimekutwa shambani Mamboleo. Wanasema wizara ilimtafuta Mkurugenzi kwa simu wiki nzima ajitetee, hakupatikana. Aliyepatikana ni naibu wake, Bi. Elsie Nakhungu. Alijibu maswali yote, akawapeleka mpaka shambani. Sasa ndiye anayeshika ofisi."

"Lakini jina, Ogola. Jina la huyo mwizi."

Ogola aliinua kidole ili wasikilize. Msomaji wa taarifa hakuwa na haraka. Alilitamka jina lile taratibu, silabi baada ya silabi, Joram Khaemba, na ile "kh" akaikwaruza kooni sawasawa, kama vile amelelewa Bungoma, kwao Khaemba. Wavuvi walipiga makofi, na wachache wakamwomba msomaji arudie.

Mkurugenzi wa zamani alibaki akiitazama redio, kisha akamtazama Ogola.

"Hapo hapahitaji tafsiri, Bwana," Ogola alisema, akautoa mkono wake taratibu, akakimbia kupanda lori kwenda kumwona binti yake.