Mama Mkwe Katika Kisanduku cha Wategemezi

Jumatatu, 3 Juni
Meneja kaniita ofisini. Nikadhani nimeonekana nikisinzia kazini. (Mimi ni mkaguzi katika kiwanda cha magodoro. Godoro litakaguliwaje bila kulaliwa?) Kumbe ananipandisha cheo! Msimamizi wa zamu, na mshahara juu. Nimpe jibu kabla ya Ijumaa. Nikatoka natembea kama bwana harusi.

Mlangoni nikakutana na Kalamu Mbili wa stoo. Tunamwita hivyo kwa kuwa hubeba kalamu mbili mfukoni na haazimishi hata moja. Kanipa pole. Pole! Kasema mshahara ukipanda nitaangukia daraja la juu la kodi ya mapato, nalo litakula mshahara wote tangu senti ya kwanza. Nitapeleka nyumbani pungufu ya sasa. Mtu mwema kiasi hiki, na miaka yote hii nimemwonea kijicho.

Jumanne, 4 Juni
Nimemkatalia meneja. Kwa heshima, lakini kwa msimamo. Kaniuliza mara mbili kama sina homa.
Mke wangu sijamwambia. Mambo ya kodi yanataka utulivu, naye ana sauti.

Jumatano, 5 Juni
Fomu za ritani, za kutangaza mapato kwa watu wa kodi, zimegawiwa kazini. Kurasa nne. Kila mwaka huwa najaza jina tu, mengine nawaachia wenyewe. Safari hii nimesoma. Ukurasa wa tatu, kisanduku cha wategemezi: ukiwa unaishi na mzazi asiye na kipato na unamtunza, kodi inapungua. Wanangu wamekua, wana kodi zao. Wazazi wangu wametangulia. Nani amebaki?
Mama mkwe! Mjane. Anakaa peke yake.

Nimemwambia mke wangu amwite mama yake aje tuishi naye. Sufuria ikaungua. Kumbe miaka miwili anatafuta namna ya kuniomba na anaogopa. Kanishika uso kwa mikono yenye unga, analia. Nikasimama kama gogo. Fomu nilikuwa nayo mfukoni.

Jumamosi, 8 Juni
Mama mkwe amewasili. Masanduku mawili, redio, na faili nene la kijani. Nimemwachia kiti changu. Siwezi tena kukaa na fulana sebuleni. Nakohoa kabla ya kuingia chumba chochote, hata changu.
Mke wangu anaimba jikoni. Wimbo haujui, anarudia mstari mmoja tu. Sikumbuki ni lini aliimba mara ya mwisho. Nilijifanya nasoma gazeti, nikausikiliza mstari huo mpaka ugali ukaiva.

Jumapili, 9 Juni
Balaa! Mke wangu kaenda sokoni. Mama mkwe akitafuta miwani yake mezani akaikuta fomu.
"Mkwe wangu," akasema, "nani kakwambia sina kipato?"
Kumbe ana pensheni. Alikuwa mkunga miaka thelathini na mmoja! Ritani zake zote zimo katika lile faili, kila mwaka na karatasi yake. Akaniuliza kama fomu hii ndiyo iliyomleta hapa. Nilitaka kudanganya. Ulimi ukagoma. Nikasema ndiyo, mama.

Nikasubiri afungashe. Badala yake akavuta kiti, akaniagiza karatasi ya mshahara. Huu, akasema, ni mshahara ghafi, kabla haujaguswa. Haya ni makato. Hii ni kodi, mwajiri hukata mwenyewe kila mwezi. Ritani ni kusema ukweli tu: nimepata hiki, nimekatwa hiki.

Nami, ili nionekane si mjinga, nikamsimulia nilivyokikwepa cheo. Akavua miwani. Akapanga vikombe vitatu. Cha kwanza akakijaza maji matupu. Maji yaliyozidi akayamimina cha pili, akatia chumvi kidogo. Yaliyozidi tena, cha tatu, chumvi zaidi.
"Kunywa cha kwanza. Kina chumvi?"
Hakina.
"Basi. Daraja la juu hukata kile kilichozidi tu. Cha chini hakiguswi tena. Nyongeza haijawahi kumpunguzia mtu mshahara, baba."
Nilikaa nikikitazama kikombe.

Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba binti yake alilia kwenye simu kwa furaha, hivyo nisithubutu kumwambia sababu. Kwake, akasema, kulikuwa na ukimya. Siku nyingine aliwasha redio asubuhi ili asikie mtu akisema habari za asubuhi. "Umeniita kwa ubaya, lakini nimekuja kwa wema. Siondoki."
Nikagundua sitaki aondoke.

Jumatatu, 10 Juni
Nimekimbilia kwa meneja. Nimechelewa! Kalamu Mbili alipewa cheo Jumanne ileile, kabla ya chakula cha mchana. Sasa ana kalamu tatu. Nikamuuliza vipi kuhusu daraja la juu. Kasema atajitolea mhanga.
Mke wangu nimemweleza habari ya cheo. Kaninunia hadi wakati wa chai, kisha kacheka mpaka akamshika mama yake bega. Wakacheka wote wawili. Nikacheka nami, japo anayechekwa ni mimi.

Jumatano, 12 Juni
Ritani imekwenda. Mama mkwe kaikagua mstari kwa mstari. Kisanduku cha wategemezi kitupu, sidaiwi, sidai. Nimejiona raia kamili. Nikaenda kunyolewa.
Kinyozi kaniambia kwamba ukitoa msaada kwa taasisi ya hisani, kodi inapungua. Nimefikiri njia nzima. Nyumbani tuko watatu, na ikifika jioni wote tuna njaa. Kesho nakwenda kutusajili kama taasisi ya hisani. Mama mkwe atakuwa mwenyekiti.
Bado sijamwambia.