Pikapu, Mbuzi Wawili na Bili ya Kaunti

Jumatatu, 7 Novemba
Bili ya kodi ya gari imefika. Mwaka jana dola mia nne na kumi. Mwaka huu mia sita na thelathini! Pikapu ni ileile, imezeeka mwaka mzima, kioo cha pembeni kimeshikwa kwa gundi. Nimempigia Bi Arlene wa ofisi ya kodi. Kasema magari yaliyotumika yamepanda bei kila mahali, kwa hiyo langu nalo limepanda thamani, na kodi hufuata thamani. Nikamwambia aje alinunue. Kakata simu.

Loretta, mke wangu, katoa hukumu: bili isiposhuka kabla ya tarehe tano Desemba, pikapu inauzwa kwa jirani yetu Quesenberry. Huyo anaimezea mate mwaka wa sita huu. Haipati ng'o.

Jumatano, 9 Novemba
Njia imepatikana. Gari la shambani halitozwi. Kinachokosekana ni shamba tu, na ua wangu una nyasi za kutosha. Nimeazima mbuzi wawili kwa binamu yangu Clovis. Kuanzia leo mimi ni mkulima. Quesenberry kaegemea uzio, kauliza navuna lini. Nikaenda kuwapa mbuzi maji. Wakulima tuna kazi.

Jumamosi, 12 Novemba
Mbuzi wamepanda juu ya pikapu. Wanarukaruka tangu alfajiri. Paa limebonyea, boneti limebonyea. Nilitaka kulia. Kisha nikakumbuka: gari lililoharibika hupunguziwa thamani. Nikawamwagia mahindi juu ya paa ili waendelee. Loretta kaniona kupitia dirisha la jikoni, kafunga pazia.

Jumatatu, 14 Novemba
Ofisi ya kodi, na picha kumi na nane. Bi Arlene kazitazama zote, bila haraka. Kisha: "Mzee Delmer, sisi tunaangalia gari lilivyokuwa tarehe mosi Januari. Siku hiyo hawa mbuzi walikuwa wapi?" Tena kasema mbuzi wa kuazima hawamfanyi mtu mkulima. Lisilotozwa kabisa ni gari la kale, lililopita miaka ishirini na tano, nalo linaruhusiwa kwenda kwenye maonyesho na magwaride tu. Nikamwambia sikuja kutafuta gwaride.

Jumatatu, 5 Desemba
Quesenberry kaichukua. Kwa bei ya kutupa, maana imebonyea. Hela yake ndiyo iliyolipa bili. Kaendesha polepole, akinipungia mkono, safari nzima ya hatua arobaini hadi kwake. Imeniuma sana. Kila nikifungua mlango naiona.

Jumamosi, 10 Desemba
Nimenunua pikapu ya Clovis ya mwaka tisini na tano. Kutu tupu, mlango mmoja unafungwa kwa kamba. Kodi: sifuri! Namba za gari la kale nimeshafunga. Loretta kauliza naenda gwaride gani dukani na galoni tupu la maziwa. Nimemweleza kwamba gwaride ni kwenda taratibu barabarani na bendera, na sheria haikusema lazima tuwe wangapi. Bendera ipo. Mbuzi wamekaa nyuma, ndio kikosi.

Quesenberry yuko kwenye uzio, simu sikioni, anamsomea askari namba zangu na kumwelekeza barabara yetu. Vizuri. Gwaride linahitaji watazamaji.