Siri ya Mguu wa Kulia

Jumatatu, 4 Machi
Ndege mpya imefika. Mpya kwetu, yenyewe imekula chumvi nyingi. Viti viwili, gurudumu la tatu mkiani. Mkuu wa shule yetu ya urubani anasema Ijumaa atachagua nani awafundishe wanafunzi kuirusha: mimi au Kijiti. Atakayebaki atapanga ratiba ofisini. Kijiti nilimfundisha mimi. Nina miaka hamsini na minne, na ofisi inanitisha kuliko mawingu.

Mkuu ametundika daftari bandani. Kila rubani aandike humo tabia za ndege atakazogundua. Mtu huyu hajui ushindani.

Jumanne, 5 Machi
Nimeijaribu. Ikishika kasi tu, pua inakimbilia kushoto kama mbuzi aliyeona shamba la jirani. Dawa: kandamiza kanyagio kwa mguu wa kulia, mapema. Daftarini nimeandika, “Ndege nzuri.” Kijiti kajaza ukurasa mzima. Sikuusoma. Mwalimu asome nini kwa mwanafunzi wake?

Jumatano, 6 Machi
Mazoezi jikoni: kitini, mguu wa kulia juu ya tofali. Mke wangu kauliza tofali limenikosea nini. Nikamweleza. Akasema basi mwanafunzi atakayeumia kwa kutoijua siri yangu atanishukuru sana. Neno hilo lilinifuata mchana kutwa. Nusura niende kuandika. Mvua ikanyesha.

Ijumaa, 8 Machi
Mkuu kiti cha pili. Nikakandamiza mguu wa kulia kabla ndege haijawaza kukosea. Ikaenda kulia. Tukavuka majani, tukasimama mbele ya choo cha wanafunzi. Hatukuumia. Mkuu akauliza, taratibu, kama huwa nasoma daftari.

Chini ya maneno ya Kijiti, fundi aliandika tangu juzi: “Kuvuta kushoto, nimerekebisha.”

Kazi kapewa Kijiti. Hakunicheka. Aliniamkia shikamoo ile ile ya siku zote, akanibebea begi. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatatu, 11 Machi
Ofisini. Kazi ya kwanza: kulipiga chapa daftari lote. Nimekiri moyoni kwamba siri humla mwenyewe. Mchana fundi akaniomba nikae ndani ya ndege, nimkanyagie breki. Nikagundua mlango haufungiki sawasawa mpaka uunyanyue kwa goti. Daftarini hamna. Hata Kijiti hajui.

Nikatazama huku na huku, nikachukua kalamu, nikaandika, “Ndege nzuri.”